Mwaka wa Vichwa vya Furu

Siku ya kumuaga Daktari, mkuu wa mradi wetu wa zamani wa utafiti wa samaki, nilifika mapema, nikakaa chini ya turubai pamoja na wanawake wengine, tasbihi mkononi, nikimwombea mjane wake subira. Mwili ulikuwa usafirishwe alasiri ile kwenda kwao Bukoba. Sisi tuliofanya kazi chini yake zamani tulikuwa tumebaki wachache, na tulitambuana kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Nikamsikia mwanamume mmoja wa makamo, aliyekuwa akipanga viti, akiita kwa furaha, “Aa, Spiriti! Karibu mzee wetu. Bado hujaimaliza tu?” Vijana waliokuwa wakimsaidia wakacheka. Mmoja akauliza kwa nini mzee anaitwa hivyo, naye akajibiwa, “Huyu aliwanywea watu maabara nzima.” Nikageuka kutazama. Aliyekuwa akiingia taratibu, fimbo mkono mmoja na kofia mkono wa pili, alikuwa Mzee Deogratias Masatu. Alitabasamu kama mtu aliyezoea, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita, na jina lile, ambalo alilipata kwa sababu yangu mimi, lilikuwa bado linatembea mjini, lina nguvu kuliko yeye mwenyewe.

Nilipaswa kuinuka pale pale. Sikuinuka. Nilijiambia kuwa msibani si mahali pake, na nikaenda nyumbani bila kumsalimia. Nimefundishwa tangu nikiwa mtoto kwamba kosa kati ya mja na Mola wake lina mlango mpana wa toba, lakini haki ya mtu mwingine haifutwi kwa sijda, hata zikiwa nyingi namna gani. Sharti mwenye haki yake akuachie. Somo hilo nimewafundisha watoto wa madrasa kila Jumamosi kwa miaka mingi, na sasa nikikumbuka naona kuwa kila nilipolifikia nilikuwa naharakisha kwenda kwenye somo linalofuata. Hata katika kuandika kumbukumbu hizi nimeuruka mwaka huu mara mbili, nikatoka kwenye cheti changu cha ufundi wa maabara moja kwa moja hadi kwenye ndoa. Leo narudi.

Mradi wetu ulikuwa umekodi nyumba ya zamani ya familia moja ya Kihindi, juu ya majabali, mwendo mfupi kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Ilikuwa nyumba ya dari ndefu na sakafu ya vigae vya buluu, na upepo ukitoka ziwani uliingia na harufu ya dagaa wanaoanikwa hadi chumba cha mwisho. Jiko lao la zamani ndilo lililokuwa chumba chetu cha kuandalia sampuli. Katika ukuta wake kulikuwa na kishubaka kidogo chenye alama za rangi nyekundu na njano, mahali wenye nyumba walipokuwa wakifanyia ibada yao. Wenzangu waliweka humo glavu na mkasi. Mimi sikuwahi kuweka humo chupa ya spiriti. Haikuwa dini yangu, lakini niliona kwamba mahali mtu alipomnyenyekea Mungu kwa namna aliyojua pana heshima yake. Nikilikumbuka jambo hilo sasa hunichoma, kwa sababu nilikuwa na uangalifu mkubwa kiasi hicho kwa ukuta, na kwa mtu aliyesimama mbele yangu sikuwa nao.

Kazi ilikuwa hii. Ziwa letu lilikuwa na furu wa namna nyingi, samaki wadogo wanaotunza watoto wao mdomoni, na miaka ile walikuwa wakipungua kwa kuliwa na sangara. Daktari, kwa kushirikiana na wenzake wa Ulaya, alitaka kujua jinsi jicho la furu linavyounganishwa na ubongo wake, kabla baadhi ya aina hazijatoweka kabisa. Zamani kichwa cha samaki kilikatwa vipande vyembamba kama kitunguu cha kachumbari, kisha mtu akajaribu kuunganisha tena kwa akili njia za mishipa, na nyingi zilipotea kisuni. Sasa Ulaya kulikuwa na hadubini mpya, hadubini ya konfokali, inayotumia mwale wa leza kusoma nyama tabaka baada ya tabaka bila kuikata. Ila kulikuwa na tatizo moja. Mwanga hauingii mbali ndani ya nyama. Ilibidi sisi, huku Mwanza, tukifanye kichwa kizima cha samaki kiwe angavu kama kioo, tukifunge kwenye kichupa, ndipo kisafirishwe.

Aliyenieleza hayo nikaelewa hakuwa Daktari. Daktari alinipa karatasi ya Kiingereza yenye hatua kumi na mbili. Aliyenielewesha alikuwa Mzee Masatu, Mkerewe aliyeanza kazi kama mvuvi wa mradi, akazoea hadubini kwa kutazama, na wakati ule alikuwa na miaka hamsini na kitu. Ilikuwa saa nne, saa ya chai, na Mama Pili, mpishi wetu, alikuwa amemaliza kugawa maandazi kwenye vipande vya karatasi ya daftari. Mzee alichukua kipande chake, akakiinua dirishani. Pale mafuta ya andazi yalipolowa, maandishi ya upande wa pili yalisomeka. “Unaona, Shehe wangu?” aliniambia. Aliniita hivyo kwa sababu ya ushungi wangu na swala zangu. “Karatasi ni ile ile, haijatobolewa. Ila penye hewa pameingia mafuta, na mwanga haujikwai tena. Nyama nayo imejaa maji. Tunatoa maji kwa spiriti, kisha tunatoa spiriti kwa mafuta. Basi, unasoma upande wa pili.”

“Na andazi langu je, nalo utalisoma?” Mama Pili akamuuliza.

“Lako halisomeki, Mama Pili. Limekauka mpaka limekuwa tofali.”

“Kwa meno yapi ulilijua? Yale yaliyobaki mawili?”

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Nakumbuka mwanga wa dirisha lile na kidole chake kinene nyuma ya karatasi. Nimefundishwa na watu wengi wenye vyeti vikubwa baada ya hapo, na hakuna aliyenifundisha jambo kwa kipande cha karatasi likakaa namna ile.

Hatua zenyewe zilihitaji subira. Kichwa cha furu mchanga, kisichozidi punje ya haragwe, kilikaa kwanza kwenye formalini ili kisioze, kikaoshwa, kikatiwa dawa ya kuondoa rangi nyeusi ya ngozi na macho, kisha rangi inayong'aa chini ya leza. Baada ya hapo ikaanza safari ya spiriti. Asilimia thelathini, hamsini, sabini, tisini, tisini na tano, kila moja saa zake, na mwisho spiriti tupu isiyo na tone la maji. Ukiruka kwa haraka, nyama inasinyaa. Ukishamaliza, unakihamishia kwenye mafuta yenye harufu kali ya dawa ya kuchua misuli, na hapo, ukikaa kimya ukitazama, kichwa kinaanza kutoweka kuanzia pembeni. Macho yanabaki mwisho kama vivuli viwili, kisha nayo yanaondoka. Mara ya kwanza nilipokiona nilisema Subhanallah kwa sauti. Mzee akaitikia, “Na iwe milele,” akiwa Mkatoliki wake, nami sikuona vibaya.

Mzee alikunywa. Sitaficha hilo, naye mwenyewe amenikataza kulificha, kama nitakavyoeleza. Alikunywa gongo jioni, na asubuhi harufu ilikuja kazini pamoja naye. Nilikuwa nikimwambia, “Mzee, nakuombea kila siku, lakini dua yangu na gongo yako zinapishana njiani.” Naye alikuwa akijibu, “Endelea tu, siku moja zitagongana.” Mikono yake ilianza kutetemeka, akaangusha kichupa kimoja, halafu kingine. Ndipo Daktari alipoamua kwamba hatua za mwisho, zenye spiriti tupu na mafuta, zifanywe na mimi. Alinikabidhi ufunguo wa kabati mbele ya wote. “Spiriti ishikwe na asiyekunywa,” alisema. Watu wakacheka, Mzee akacheka pia. Nami, Mungu anisamehe, niliona fahari kifuani.

Siku ile ile Mzee alinionyesha namna yake ya kufanya. Kila asubuhi alikuwa akipanga vichupa kwenye tanuri dogo la umeme, akiviacha humo mpaka vipate joto, kisha akiviziba vingali vya moto. Sisi tulikuwa tukimtania kwamba anaoka mikate. “Usisahau kuoka, Shehe,” aliniambia. “Kichupa kinywe joto kwanza.” Pumzi yake ilinijia usoni, nikarudi nyuma hatua moja, nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikiliza. Niliona ni mazoea ya mzee mlevi. Nilikuwa na yangu. Mwalimu wangu wa dini, nilipomuuliza kama naweza kufanya kazi ya kushika spiriti, alinipa ruhusa na kuniasa niangalie twahara ya mwili na nguo kabla ya swala. Hilo tu. Lakini mimi niliongeza. Spiriti niliihesabu kuwa najisi, na chombo kilicholala kabatini na mijusi wanaopita sikukihesabu kuwa safi. Basi kila kichupa, na silinda ya kupimia, nilivisuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa, nikavikung'uta, nikaendelea na kazi. Karatasi ya Daktari ilisema chombo kiwe safi na kikavu. Macho yangu yalisoma neno la kwanza, na la pili nikalipita.

Msomaji ameshaona kosa. Mimi sikuliona. Kichupa kilikuwa kidogo mno, na matone mawili ya maji yaliyobaki chini yalitosha kuiharibu spiriti yote niliyoimimina humo. Mafuta yale hayapatani na maji hata kidogo. Vichwa vya kwanza nilivyotia vilipata wingu jeupe, kama maji ya kuoshea mchele. Nilivirudisha kwenye spiriti nianze upya, kama karatasi ilivyoelekeza, katika vichupa vingine nilivyovisuuza kwa bidii zaidi, kwa kuwa nilidhani ni uchafu. Wingu likazidi. Na vichwa vile havikuwa vya furu wa kawaida. Vilikuwa vya furu wa mawe, mwenye ubavu mwekundu, ambaye Mzee Masatu alikuwa amemtafuta wiki nyingi kuanzia Kayenze hadi visiwani, akampata jike mmoja tu mwenye watoto mdomoni. Daktari alivishika vichupa kimoja kimoja dirishani, na mshipa wa shingo ukamvimba.

Aliniita ofisini, akafunga mlango. Alisema spiriti imeingiwa na maji, hakuna maelezo mengine. Akaniuliza, nikienda kuswali adhuhuri, ufunguo huwa wapi. Nikasema mezani. Nani hubaki chumbani? Nikasema Mzee Masatu. Leo asubuhi alikuwa ananuka pombe? Nikasema ndiyo. Maswali matatu, majibu matatu, na yote yalikuwa kweli. Nimekaa na majibu yale kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na sijaona neno moja ndani yake ambalo ni la uongo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kutoa ushahidi wa uongo kwa maneno ya kweli matupu.

Kesho yake saa nne, chai ikiwa mezani, Daktari alisimama mlangoni. “Mzee Masatu,” alisema, “spiriti ya mradi imepunguzwa ikaongezwa maji. Unajua ilivyokuwa?”

“Sijui, Daktari.”

“Sitaki tugombane. Sema tu ukweli mbele ya wenzako.”

“Ningekunywa ile, Daktari, si ningekuwa nimeshakufa? Mimi mjinga, lakini si hivyo.” Mama Pili alianza kucheka, kisha akanyamaza. Mzee akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemwomba mwenzake amsogezee kiti. “Shehe, wewe unashinda na mimi mle ndani. Waambie.”

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikasema, “Mimi sikuona kitu, Mzee.”

Alingoja kidogo, pengine akidhani nitaendelea. Kisha akaitikia kwa kichwa, akakunja kipande chake cha karatasi kikiwa na andazi ndani, akakitia mfukoni. Mchana ule alipewa barua yake. Familia yake ilikuwa ikikaa katika vyumba vya uani vya nyumba ile ile ya mradi, na mwisho wa juma niliwaona wakitoka na magodoro. Mke wake, mwanamke mrefu aliyezoea kunisalimia kila asubuhi, alipita mbele yangu macho yakiwa chini. Nilidhani ananichukia. Haikuwa hivyo. Alikuwa anaona haya.

Chupa mpya ya spiriti ilipofika, Daktari aliniagiza niipime kwa mrututu. Mrututu tunaoujua, ile chumvi ya shaba, ni wa buluu, lakini ukiuchoma hadi maji yake yatoke unakuwa unga mweupe, na ukikutana na maji hata kidogo unarudi buluu. Nilitia punje chache kwenye spiriti iliyotoka moja kwa moja katika chupa. Zilibaki nyeupe. Nikafurahi. Nikasuuza kichupa changu mara tatu, nikakikung'uta, nikamimina spiriti ile ile, nikakihamishia kichwa cha furu, na baadaye nikakitia kwenye mafuta. Wingu likaja. Halafu nikasuuza kichupa kingine, nikamimina spiriti, nikatia mrututu. Ulikuwa buluu kabla haujafika chini.

Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Niliwasha tanuri, nikapanga vichupa humo, nikavitoa vikiwa na joto, na kazi ikaenda vizuri kuanzia siku ile. Kichwa baada ya kichwa kilitoweka ndani ya mafuta kama inavyotakiwa. Na hapa ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu Daktari alipita, akainua kichupa kwenye mwanga, akasema, “Umeona? Tangu yule mzee aondoke hakuna tatizo.” Usahihi wangu ukawa ushahidi wa pili dhidi yake. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari kusema kweli. Nikasema, “Alhamdulillahi, Daktari.” Nilimhimidi Mungu juu ya uongo. Katika yote ya mwaka ule, neno hilo ndilo ninaloliombea msamaha kwa machozi zaidi.

Nilijiwekea ahadi. Nitasema Ijumaa. Nitasema Ramadhani ikiisha, moyo ukiwa laini. Nitasema barua ya ajira yangu ya kudumu ikishatoka, maana baada ya hapo hawatanifukuza kwa urahisi. Barua ilitoka. Kisha zikaja picha kutoka Ulaya, zimepigwa kwa ile hadubini, na tukazibandika ukutani juu ya meza ya chai. Mishipa ya jicho la furu ilionekana kijani inayong'aa kwenye giza, nyuzi kwa nyuzi, ikipita ndani ya kichwa kizima na kuvuka upande wa pili, kitu ambacho hakuna jicho la binadamu lililokuwa limekiona kikiwa kamili. Daktari alinishika bega mbele ya wageni. Mama Pili, akimimina chai, alisema polepole kama anaongea na birika, “Mzee angependa kuona.”

Mungu amekuwa mwema kwangu. Nimefanya kazi hadi kustaafu, nimewafundisha vijana wengi kuandaa sampuli, na kila kijana nilimwambia akaushe vichupa kwanza. Waliniuliza nani alinifundisha. Nilisema, “Mzee mmoja wa hapa.” Jina sikulitaja, kwa hofu kwamba atakuwapo anayelijua lile jingine.

Juma moja baada ya kumuaga Daktari nilikwenda Kayenze. Niliulizia kwa Mzee Masatu na watu hawakumjua. Nikauliza tena, nikiona haya, kwa jina la Spiriti, na mtoto akanyoosha kidole. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Sauti hii naijua.” Alinyanyua uso. “Shehe? Umezeeka vibaya.”

“Na wewe hujabaki nyuma, Mzee.”

“Kaa. Sina chai, mjukuu anayenipikia yuko kanisani.”

Sikungoja chai. Nilimweleza yote pale pale, kichupa, maji, mrututu, picha, kila kitu, kwa mpangilio kama mtu anayesoma taarifa, kwa kuwa nilijua nikisimama sitaendelea. Mikono yake iliendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza alisema, “Kwa hiyo hukuoka.”

“Sikuoka, Mzee.”

“Nilikuambia uoke.”

“Uliniambia.”

Alitikisa ungo kidogo, akatoa jiwe, akalitupa. “Mimi nimekusamehe, Shehe. Mtu wa umri wangu hawezi kukaa na vitu hivyo. Lakini yule mke wangu, Anastazia, alikufa akijua nimeiba. Nilimwapia hadi kwa Bikira Maria. Akaniambia, baba Vero, nitakaa na wewe, ila usiniapie tena. Mpaka anaingia kaburini spiriti ya kuwashia jiko la pampu alikuwa anaifungia sandukuni. Hata dawa ya kikohozi ya wajukuu. Sasa nitamwambia nani?”

Nilikuwa nimekuja kuomba kitu ambacho aliweza kunipa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa imelala nyuma ya nyumba, chini ya msalaba wa saruji, na hakuna safari niliyoweza kufunga kuifikia. Akaweka ungo chini, akasema, “Jumapili watoto huja kula hapa. Uje uwaambie wao. Uwaambie wewe, si mimi. Mimi nilishasema.”

Nilikwenda. Walikuwa watatu, watu wazima wenye familia zao, na mkubwa wao, Veronika, fundi cherehani, nilimkumbuka akiwa binti wa sekondari amebeba godoro kichwani. Walinipa shikamoo zao, wakanipakulia ugali na samaki. Niliomba niongee kwanza kabla ya kula. Niliposema wadogo wake walitazamana, mmoja akatoka nje. Veronika alibaki ananitazama.

“Mama,” aliniuliza, “ulijua lini kwamba si yeye?”

“Mwezi ule ule.”

“Sisi tulikuwa tumeshafika huku?”

“Mlikuwa na wiki mbili huku.”

“Wiki mbili.” Alilirudia neno hilo bila kupandisha sauti. “Mimi nilikuwa bado sijaacha shule. Nilikuwa nadandia lori la dagaa, nikishushwa natembea hadi Kirumba, na kurudi vivyo hivyo. Watoto wa darasani walikuwa wananifanyia hivi,” akaonyesha mkono ukiinua chupa mdomoni. “Nikaacha. Baba nilimwambia ni miguu.”

Mzee aligeuza kichwa akamtazama mwanawe. Nilijua kutokana na uso wake kwamba hilo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyelileta mezani pake uzeeni. Hakuna aliyekula. Nikasema, nimwambieje Mungu kwa hayo, niko tayari kwa lolote, niende kanisani kwenu nikasimame, niende Mwaloni nikaseme. Veronika akafikiri.

“Waliosikia wamekufa, Mama. Utamwambia nani Mwaloni? Wale vijana wanaocheka hata hawajui wanacheka nini.” Akafunika samaki kwa sahani. “Umesema unaandika kitabu cha maisha yako. Basi iandike. Jina lake uliandike lote.”

“Na uandike kuwa nilikuwa nakunywa,” Mzee akasema kutoka kwenye kiti chake, sauti ikiwa nzito. “Gongo nimekunywa, mbege nimekunywa, bia nikipewa nakunywa hata leo. Usinifanye mtakatifu, watu watajua unadanganya, halafu hata lile la kweli hawataliamini.”

Basi naandika kama nilivyoagizwa. Deogratias Masatu Magoma, wa Ukerewe na baadaye Kayenze, mume wa Anastazia, baba wa Veronika na wadogo zake, alikuwa mnywaji. Spiriti ya maabara hakuigusa. Maji niliyatia mimi, Zuhura binti Saidi, kwa mikono yangu, na nilipoulizwa nilisema sikuona kitu.